Majira ya joto kwenye ardhi oevu na pwani: ni mwezi gani unafaa zaidi kutazama ndege?

Mgeni wa Matete

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote kwa heshima.

Likizo yangu mwaka huu inaangukia majira ya joto ya nchi za kaskazini, na nina uhuru wa kuchagua majuma mawili popote kati ya mwanzo wa Juni na mwisho wa Agosti. Ningependa kuyatumia kutembelea hifadhi za ardhi oevu na za pwani kwenye ukanda wa Bahari ya Kaskazini kwa ajili ya kutazama ndege. Ndege wa msituni na wa bustanini nimewazoea, lakini wale wa majini na wa kwenye tope la pwani sijawahi kuwafuatilia kwa makini. Kila nikiwatazama naona vitu vya kijivu vinavyokimbia kwa mbali, na kitabu cha mwongozo kinanipa ukurasa baada ya ukurasa wa ndege wanaofanana.

Kinachonitatiza ni kwamba watu wawili wenye uzoefu wameniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kuwa majira ya joto ni msimu mfu kwa shughuli hii: ndege wa majira ya baridi wamekwenda kaskazini kuzaliana, bata wamepoteza rangi zao, ndege waimbaji wamenyamaza na hifadhi zimejaa watalii. Je, ni kweli? Na kama si kweli, kati ya Juni, Julai na Agosti ni wakati gani mngeniusia? Ningependa pia kujua kama ni busara kukaa kwenye mabwawa na matete ya maji baridi, au kwenda pwani yenyewe. Nitaongozana na mama yangu, ambaye magoti hayamruhusu kutembea mwendo mrefu, na binti yangu wa miaka kumi, ambaye uvumilivu wake haupiti nusu saa. Nina darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane. Teleskopu sina, wala sijui kama kuikosa kutaniharibia safari.

Natanguliza shukrani.

Sululu

Ndugu Mgeni, waliokuambia kwamba majira ya joto ni msimu mfu walikuwa wakifikiria msitu. Msituni ni kweli, mwezi wa Agosti unaweza kutembea asubuhi nzima usisikie zaidi ya mlio mmoja. Lakini kwa ndege wa matope na wa maji ya kina kifupi kalenda ni nyingine, kwa sababu kile ambacho sisi tunakiita majira ya joto kwao ni misimu mitatu iliyobanwa ndani ya miezi mitatu. Ukishalielewa hilo, swali la hifadhi gani uende linakuwa dogo, na swali la tarehe linakuwa kubwa.

Juni ni mwezi wa viota. Ukitaka ndege wa bahari wanaozaliana kwenye majabali na visiwani, huu ndio wakati wao, na usichelewe: wale ndege weusi na weupe wenye midomo ya rangi za sherehe, Fratercula arctica, huanza kuondoka kwenye mashimo yao mnamo Julai, na mwanzoni mwa Agosti huenda usimpate hata mmoja mahali palipokuwa na maelfu. Juni pia ndipo utakapowaona msese, wenye mdomo mwembamba uliopinda kuelekea juu, wakiongoza vifaranga ambao hutembea na kujitafutia chakula wenyewe tangu siku ya kwanza. Mzazi hawalishi, kazi yake ni kuwafunika wakipata baridi na kumfukuza yeyote anayekaribia, hata kama ni bata asiye na nia mbaya na mtu.

Wakati hao bado wako kwenye viota, wengine tayari wanarudi. Hili ndilo linalowashangaza wageni. Kuna spishi ambazo jike hutaga mayai, humwachia dume kazi ya kuatamia na kulea, kisha hugeuza njia kuelekea kusini; jike wa chamchanga mweusi, Tringa erythropus, huonekana kwenye mabwawa ya Uingereza na Uholanzi kabla Juni haijaisha, akiwa bado amevaa manyoya meusi ya kuzalia. Wanaongezewa na wale ambao viota vyao viliharibika na hawana muda wa kuanza upya, maana majira ya joto ya Aktiki ni mafupi mno. Kwa hiyo ile siku watu wanaposherehekea mchana mrefu kuliko yote, kwa ndege hawa majira ya kupukutika majani yameshaanza.

Julai huja watu wazima kwa wingi, na hapa ndipo mwanafunzi wa ndege hawa anapopata bahati yake. Wakati wa baridi karibu wote ni kijivu juu na weupe chini, na ndiyo maana kitabu kinakuchanganya. Mwezi wa Julai bado wamevaa rangi: Calidris canutus ana kifua chekundu cha matofali, Calidris alpina ana doa jeusi tumboni ambalo huwezi kulikosa hata kwa darubini yako, na Limosa lapponica dume ni mwekundu kuanzia shingoni hadi chini ya mkia. Jifunze maumbo yao wakati rangi bado zinakusaidia.

Agosti ni zamu ya vijana. Wazazi wa spishi nyingi wameshatangulia, na hawa waliozaliwa Juni au Julai husafiri peke yao katika njia ambayo hawajawahi kupita. Wanatambulika kwa usafi. Manyoya ya mtu mzima wakati huu yamechakaa, kingo zimelika, rangi zimebaki mabaka. Ya kijana yote yaliota kwa pamoja na yana umri mmoja, kila unyoya una ukingo mwangavu, na mgongo mzima unaonekana kama magamba yaliyopangwa kwa mkono. Kitwitwi mdogo wa jamii ya Calidris minuta, akiwa kijana, ana mistari miwili myeupe mgongoni inayokutana na kufanya alama ya V, na akikugeuzia mgongo katika mwanga mzuri utaiona bila shida.

Kuhusu bata, walikuambia kweli, lakini hawakumaliza. Madume hupoteza rangi kwa sababu wanabadilisha manyoya, na manyoya ya mabawa hudondoka yote kwa wakati mmoja, kiasi kwamba kwa takriban majuma matatu au manne hawawezi kuruka. Rangi ya kahawia ni kinga yao katika kipindi hicho. Tadorna tadorna, yule bata mkubwa mweupe mwenye mshipi wa kahawia kifuani, husafiri mahususi kwa ajili hiyo na kukusanyika kwa makumi ya maelfu kwenye Bahari ya Wadden, ile pwani ya tope ya Uholanzi, Ujerumani na Denmark, mahali ambapo tope ni pana na adui hawezi kufika kwa urahisi.

Kama ningetakiwa kutaja majuma mawili tu, ningechukua la mwisho la Julai na la kwanza la Agosti, wakati watu wazima wenye rangi na vijana wa kwanza wanapokutana kwenye tope moja. Utakuwa umewakosa wengi wa wale wa majabalini, na hilo lazima ulikubali.

Bamvua

Naungana na Sululu katika tarehe, lakini kwa upande wa pwani kuna jambo ambalo hajaligusa, nalo ndilo linaloamua kama utaona ndege au utaona tope tupu. Ni maji kujaa na kupwa.

Maji yakipwa, kwenye ghuba pana kama The Wash huko mashariki mwa Uingereza, tope linaenea kilomita kadhaa na ndege wanalifuata hadi ukingoni mwa maji. Wapo kwa maelfu, lakini hata mwenye teleskopu ya gharama kubwa anawaona kama vumbi. Maji yakianza kujaa, chakula chao kinafunikwa hatua kwa hatua, nao wanarudi nyuma pamoja na ukingo wa maji, wakisogezwa kuelekea kwako. Hatimaye hawana mahali pa kusimama, wanaruka kwa makundi na kwenda kupumzika kwenye mabwawa na visiwa vya changarawe vilivyo nyuma ya ufuko. Kwa hiyo uwe umeshaketi mahali pako angalau saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa. Anayefika wakati maji yamejaa huwakuta wamelala, mdomo umefichwa mgongoni. Anayefika baada ya hapo huwaona wakiondoka.

Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa kiwango kikubwa, na maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo, ni vitu viwili tofauti kabisa kwa shughuli hii. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na ni katika siku hizo tu ambapo maji hufunika tope lote na kuwalazimisha ndege wote kuhama. Wakati wa maji mafu sehemu ya tope hubaki wazi, na ndege hawana sababu ya kukusogelea. Hifadhi ya Snettisham, iliyo kwenye ukingo wa The Wash, inajulikana kwa jambo hilihili: kuanzia mwishoni mwa majira ya joto, bamvua kubwa zinapokuja, makumi ya maelfu ya Calidris canutus waliotoka Greenland na kaskazini mwa Kanada huinuka kwa pamoja, kundi zima likigeuka jeupe na jeusi kadiri linavyopinda angani, kisha hushuka kwenye mabwawa nyuma ya ufuko na kubanana hadi changarawe haionekani.

Tena kuna faida ambayo wengi hawaitambui. Katika eneo moja, bamvua hufikia kilele karibu saa zilezile za siku kila mara. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na mzunguko mzima wa bamvua hadi bamvua hukurudisha palepale. Upande wa The Wash, kilele hicho huangukia asubuhi na mapema na tena jioni, ambazo ndizo saa za mwanga mzuri na hewa tulivu. Pwani nyingine bamvua hufika adhuhuri, wakati joto linaifanya hewa iliyo juu ya tope icheze kiasi kwamba kila ndege anaonekana kuyeyuka. Ukiwa na mahali pa aina hiyo, teleskopu haitakusaidia. Ukikuza zaidi unakuza mtetemo wa hewa tu.

Angalia pia jua linatokea wapi. Ufuko unaotazama mashariki utakupa jua la macho asubuhi nzima, na ndege wote watakuwa vivuli vyeusi. Hapo nenda jioni.

Neno moja la usalama, hasa kwa kuwa una mtoto. Tope lisilo na njia iliyowekwa alama msilikanyage. Maji hayaji kutoka mbele kama watu wanavyodhani. Huingia kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, na unapogeuka njia uliyojia imeshakuwa mfereji. Huko Uholanzi, kutembea kwenye tope la Bahari ya Wadden wakati maji yamekupwa ni desturi ya siku nyingi, na wageni huongozwa na waongozaji wenye kibali. Wanajua wanachokifanya.

Mgeni wa Matete

Wakuu, nashukuru sana kwa maelezo haya. Nimeshaanza kuitazama kalenda kwa jicho lingine. Niruhusuni niulize tena kuhusu wenzangu wa safari. Kuamka kabla ya mapambazuko na kukaa ufukweni saa tatu kunanifaa mimi, lakini sioni mama yangu na binti yangu wakilifurahia hilo zaidi ya siku moja. Je, kuna namna ya kupanga siku nyingine ili nao wasione kwamba wameletwa kunisindikiza?

Kibandani

Ndugu Mgeni, ipo, na ndiyo sababu mimi sikubaliani moja kwa moja na wenzangu waliotangulia. Wameandika kama watu wanaosafiri peke yao. Kwa msafara wenye watu wa rika tatu ningeanza na maji baridi, yaani mabwawa na matete, na pwani ningeiwekea siku moja au mbili zilizochaguliwa kwa kufuata maji kama alivyoeleza Bamvua.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Bwawa la hifadhi halina kupwa na kujaa kwa namna inayowaondoa ndege, kimo cha maji kinasimamiwa na watunzaji kwa milango ya maji, na vibanda vya kutazamia vimejengwa mahali ambapo ndege wanakula. Mama anaketi kwenye benchi, anaegemea dirisha, na ndege wanamjia. Hifadhi nyingi zina ramani inayoonyesha umbali wa kila kibanda na njia zipi ni tambarare; isome kabla hujaondoka, maana wakati mwingine kibanda kinachosifiwa kuliko vyote ndicho kilicho mbali kuliko vyote. Slimbridge, iliyoanzishwa na Peter Scott mwaka 1946 kando ya mto Severn, ilijengwa tangu mwanzo kwa wazo kwamba watu wa kawaida wawaone ndege wa majini kwa karibu, na kwa mtoto ni mahali pazuri pa kuanzia. Najua iko upande wa pili wa nchi, mbali na Bahari ya Kaskazini.

Kwa upande wenu wa mashariki, hifadhi ya Minsmere, iliyo kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, inajieleza yenyewe. Mashamba yake ya pwani yaliachwa yafurike maji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kuzuia uvamizi, na vita vilipokwisha msese walirudi mwaka 1947 kuzaliana, baada ya kutoweka Uingereza kama ndege wa kuzaliana kwa takriban karne moja. Matete yake ni makazi ya Botaurus stellaris, yule ndege wa jamii ya kulasitara mwenye rangi ya matete makavu, ambaye dume wake huunguruma wakati wa kuzaliana kwa sauti nzito inayosikika kilomita nyingi. Mwaka 1997 walibaki madume 11 tu waliosikika Uingereza nzima. Matete yakachimbwa upya, maji yakarudishwa, na sasa wamepita 200. Kumsikia ni jambo la majira ya kuchipua, lakini kumwona ni jambo la Juni na mwanzo wa Julai, kwa sababu wakati huo jike hana budi kuruka kila mara kati ya kiota na mahali anapovulia samaki. Keti penye uwazi mpana wa matete na usihangaike na darubini. Tazama kwa macho matupu, na atakapopita utakuwa na muda wa kutosha wa kuinyanyua.

Ndiyo maana mimi, kwa ajili ya mtoto, ningesogeza tarehe hadi mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai. Mtoto wa miaka kumi hajali kama manyoya yana ukingo mwangavu. Anajali vifaranga, anajali kipanga wa matete anayemrushia jike chakula angani naye akakidaka akiwa amegeuka tumbo juu, anajali kerengende wanaotua kwenye mkono wake. Mpe kazi yake mwenyewe: ahesabu ni mara ngapi kitwitwi anadunga mdomo kwenye tope kabla hajainua kichwa, kisha afanye vivyo hivyo kwa yule mwenye mdomo mfupi na macho makubwa, wa jamii ya Charadrius. Atagundua mwenyewe kwamba wa kwanza anatafuta kwa kugusa, anadunga mfululizo kama cherehani, wakati wa pili anakimbia, anasimama wima, anatazama, anadona mara moja, anakimbia tena. Akishalijua hilo ameshatenganisha jamii mbili ambazo watu wazima huchukua muda mrefu kuzitenganisha, tena kwa umbali ambao rangi haionekani.

Hapo ndipo ninapolijibu swali lako la teleskopu. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa kwa matete na kwa mabwawa. Ufukweni utaitamani teleskopu, lakini kwenye vibanda vingi utakuta watu wenye nazo, na sijakutana bado na mtazamaji aliyemnyima mtoto nafasi ya kuchungulia.

Mkibaki hadi Agosti, basi msiache jioni. Mbayuwayu hukusanyika kulala kwenye matete kabla ya kuanza safari ya kusini, na kozi mdogo, Falco subbuteo, anajua hilo vizuri kuliko sisi.

Mlinzi wa Changarawe

Nimesoma yote na sina la kupunguza. Nitaongeza kuhusu ufuko wenyewe, kwa kuwa nimekuwa nikijitolea kulinda makoloni ya buabua na naona mambo yaleyale kila mwaka.

Buabua mdogo, Sternula albifrons, hutaga mayai mawili au matatu juu ya changarawe tupu, mara nyingi hatua chache tu juu ya mstari ambao maji yanaishia. Hakuna majani wala vijiti, ni kishimo kidogo tu, na yai lina rangi na madoa ya changarawe yenyewe. Mtu anaweza kulikanyaga huku akilitafuta. Kwa hiyo mkikuta kamba na vibao, msizihesabu kuwa mapambo, na mahali pasipo na kamba tembeeni kwenye mchanga wenye unyevu, chini ya mstari wa mwani. Ndege akianza kukuzunguka kichwani akilia, au akikimbia mbele yako akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, maana yake umeshakaribia mno. Rudi ulikotoka kwa njia ileile, usisimame kupiga picha. Kila dakika mzazi anayokaa hewani ni dakika ambayo mayai yanapigwa na jua, na shakwe wanaangalia.

Kwenye visiwa kama Farne, vilivyo kaskazini-mashariki mwa Uingereza, buabua wa Aktiki hawaishii kuzunguka. Wanadona, na midomo yao ni mikali, kwa hiyo kofia si ya jua tu. Binti yako huenda akawasamehe akijua kwamba kifaranga mmoja aliyevalishwa pete visiwani humo katika majira ya joto ya mwaka 1982 alikutwa Melbourne, Australia, mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 22,000 kabla hajatimiza nusu mwaka.

La mwisho, na si la kufurahisha. Mkimkuta ndege aliyekufa au anayetetemeka bila kuweza kuruka, msimguse, na mtoto aambiwe mapema. Mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege iliua ndege wa bahari kwa wingi, na visiwa kadhaa vya Uingereza vyenye makoloni vilifungwa kwa wageni. Kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata joto jingi kuna pia sumu ya botulizimu, ambayo hulegeza misuli ya shingo ya bata hadi wanazama. Toeni taarifa kwa watunzaji wa hifadhi, kisha mwendelee na safari. Kabla ya kukata tiketi ya boti yoyote, hakikisheni kwamba kisiwa kimefunguliwa.

Mgeni wa Matete

Ndugu zangu, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Nimezungumza na mama, naye anasema vibanda vyenye mabenchi vinamtosha na kwamba anataka kumwona huyo ndege anayeunguruma hata akiwa kimya. Ninaelekea kuchukua siku za mwisho za Juni hadi katikati ya Julai, kwa kufuata hoja ya Kibandani, huku nikitegemea kwamba wale wa kwanza wenye rangi aliowataja Sululu watakuwa wameshafika. Je, kwa tarehe hizo bado kuna maana ya kwenda ufukweni wakati wa bamvua, au yale makundi makubwa ni ya baadaye tu?

Bamvua

Makundi makubwa kabisa ni ya baadaye, hilo usijidanganye. Lakini maana ipo. Katikati ya Julai watu wazima wa Calidris alpina na Limosa wanazidi kufika, sululu wenye mdomo mrefu uliopinda chini wameshaanza kurudi kutoka kwenye nyika wanakozaliana, na kwa kuwa makundi bado si makubwa, utaweza kumtazama ndege mmojammoja badala ya kuzidiwa na wingi. Kwa mtu anayejifunza naona ni afadhali zaidi.

Kwa hiyo usigawe safari nusu kwa nusu. Tafuta kwanza tarehe za mwezi mwandamo na mwezi mpevu zilizomo ndani ya majuma yako mawili, ongeza siku moja au mbili, na hizo ndizo siku za pwani. Siku zilizobaki, ambazo ni za maji mafu au ziko karibu nayo, mkae kwenye matete pamoja na mama. Jedwali la maji la bandari iliyo jirani utalipata kwa urahisi, ila angalia kama saa zake zimesahihishwa kwa saa za majira ya joto, maana majedwali mengi ya Uingereza huchapishwa bila kuongeza ile saa moja, na saa moja kwenye ufuko wa tope ndiyo tofauti ya kuwaona wakija na kuwakuta wamelala. Ukishakuwa na tarehe hizo ziweke hapa, tukupangie siku kwa siku.